Kuanza Kifarsi kwa Kozi za Sauti: Mwongozo Kamili kwa Anayezungumza Kiswahili

Karibu kozi zote za sauti za Kifarsi, au Kiajemi kwa jina letu la zamani, zimetungwa kwa ajili ya mtu anayewaza kwa Kiingereza. Mwelekezaji anakuuliza kwa Kiingereza utasemaje kwamba unataka kwenda mahali fulani, nawe unaanza kuhangaika: unaitoa Kiingereza, unaipitisha Kiswahili, ndipo unatafuta Kifarsi. Mpaka ufike, sauti imeshatoa jibu na kuendelea mbele. Safari hiyo ya kuzunguka haina sababu. Kwa mambo mengi ya sarufi, Kifarsi na Kiswahili wanaelewana bila mkalimani, na mwongozo huu umejengwa juu ya hilo: tumia kozi iliyopo, lakini fanya kazi yako kwa Kiswahili.

Kabla ya yote, matarajio. Foreign Service Institute, chuo kinachofundisha wanadiplomasia wa Marekani, hukadiria kuwa mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji wiki 44 hivi, yaani saa 1,100 za darasani, kukifikisha Kifarsi kiwango cha kufanyia kazi. Kiwango kimoja cha kozi ya sauti ya Pimsleur kina masomo 30 ya nusu saa, jumla saa 15. Piga hesabu mwenyewe. Kozi ya sauti inakupa matamshi safi, sentensi mia kadhaa zinazotoka bila kufikiri, na ujasiri wa kufungua mdomo. Hayo si madogo, lakini anayekuahidi ufasaha kwa mwezi mmoja anauza kitu kingine. Na zile rekodi za kujifunza ukiwa usingizini waachie wenye usingizi.

Hatua ya kwanza: jua unajifunza Kifarsi kipi

Kifarsi kina sura tatu kubwa: cha Iran, cha Afghanistan kinachoitwa Dari, na cha Tajikistan kinachoitwa Kitajiki na kuandikwa kwa herufi za Kisirili. Watu wake wanaelewana kwa kiasi kikubwa, hasa kwenye lugha ya maandishi, ila matamshi na maneno ya kila siku yanatofautiana. Chagua moja na ubaki nayo mpaka mwisho wa kozi. Kuitambua kozi si vigumu: ukisikia *tashakor* kila mahali kwa maana ya asante, na *waqt* kwa w ya wazi, hiyo ni Dari. Ukisikia *mersi* na *vaght*, upo Iran. Ndiyo, Wairani husema *mersi*, neno la Kifaransa, asubuhi hadi jioni. Mwongozo huu unafuata Kifarsi cha Iran.

Jambo la pili ndilo huwaangusha wengi. Kifarsi cha Iran kinachoandikwa na kile kinachosemwa nyumbani na dukani havifanani. Mkate huandikwa *nân* na kutamkwa *nun*. Nyumba ni *khâne* kwenye karatasi, *khune* mdomoni. "Nataka" huandikwa *mikhâham*, lakini hakuna anayeagiza chai hivyo, watu husema *mikhâm*. "Nakwenda" ni *miravam* kitabuni na *miram* mtaani. Kozi ya kuanzia inapaswa kukufundisha ya mtaani, kwa sababu kazi ya kozi ya sauti ni kukufanya uongee. Kabla ya kulipa, sikiliza somo la mfano, kwani karibu kozi zote hutoa somo moja bure. Ukisikia *mikhâham* na *ast* ("ni" ya kitabuni) katika mazungumzo ya watu wawili wanaokunywa chai, hao wanasoma kitabu kwa sauti. Tafuta nyingine.

Vitu vingine vya kuangalia kwenye somo hilo la mfano: je, wasemaji ni Wairani, mwanamume na mwanamke, au ni sauti moja tu? Je, kuna kimya cha kutosha baada ya swali ili wewe ujibu kwanza? Je, maneno ya zamani yanarudi baadaye, au kila somo linaanza na orodha mpya na kusahau ya jana? Kozi inayomwaga maneno hamsini ya matunda kwa somo moja ni kamusi iliyopewa sauti. Podikasti za bure kama Chai and Conversation zinafaa sana kama nyongeza, kwa sababu zinaeleza kwa nini watu wanasema wanavyosema. Uti wa mgongo, hata hivyo, uwe kozi yenye maswali na kimya.

Maandishi ya masomo yakiwepo ni bora, ila yafiche kwa sasa. Utayahitaji baadaye.

Hatua ya pili: siku chache za sauti tu

Usianze somo la kwanza kabla ya kuweka masikio sawa. Katika mwongozo huu, alama *â* ni a ndefu ya Kifarsi, na *a* ni fupi.

Kifarsi kina irabu sita: a, e, o fupi, na â, i, u ndefu. Hizo nne zenye sura ya e, i, o, u hazitakusumbua. Shida ni mbili zilizobaki, *a* na *â*, kwa kuwa a yetu imekaa katikati yao. Kwa *â*, fungua kinywa kama unasema a kisha viringa midomo kidogo, mpaka sauti ianze kuegemea o. Kwa *a* fupi, tanua midomo kama anayetaka kutabasamu, sauti iegemee e. *Bad* ni mbaya, *bâd* ni upepo. *Kâr* ni kazi, *kar* ni kiziwi. Ukitumia a yetu ya katikati kwa yote, msikilizaji atalazimika kubahatisha. Rekodi jozi hizi kwa simu, zisikilize, rudia. Fanya hivyo hadi mtu asiyejua Kifarsi aweze kukwambia ulitamka lipi.

Kh na gh utazitamka vizuri kama unasema *kheri* na *ghali* kwa koo na si kwa h na g. Sauti mpya ni *zh*, ambayo ni j laini isiyogonga, kama katika *garâzh*, yaani gereji.

Kisha kuna tabia yetu ya kuongeza irabu mwishoni. Kiswahili hakipendi neno liishie konsonanti, na tulipochukua maneno ya Kifarsi tuliyavisha irabu: *bandar* ikawa bandari, *rang* ikawa rangi, *barf* ikawa barafu. Sasa inabidi uvue. Chukua maneno hayohayo na uyatamke yakiwa yamekatwa: *rang*, kimya. *Bandar*, kimya. Halafu ongeza yenye konsonanti mbili mwishoni: *haft* (saba), *hasht* (nane), *panj* (tano), *dust* (rafiki), *esm* (jina), *sabr* (subira). Ukijisikia unasema *hafuti*, weka kiganja mbele ya mdomo: baada ya t lazima pumzi itoke bila sauti ya koo.

Ukikutana na maneno kama *barf*, kumbuka pia kwamba maana huenda imehama. *Barf* ya Iran ni theluji, barafu ya kwenye friji ni *yakh*. Na *âchâr* ya leo ni spana ya fundi. Usiiagize mezani.

Mwisho ni mkazo. Sisi tunabonyeza silabi ya pili kutoka mwisho, bila kufikiri. Kifarsi hubonyeza ya mwisho kwenye majina na sifa: *ke-TÂB*, *mâ-DAR*, *pan-ja-RE* (dirisha). Kwenye kitenzi, mkazo huenda mbele, juu ya *mi-*, au juu ya *ne-* kikikanushwa. Nitarudi hapo kwa mfano mmoja, kwa sababu hapo ndipo mzungumzaji wa Kiswahili anapotambulika mara moja.

Hatua ya tatu: namna ya kufanya somo moja

Nusu saa kwa siku, siku moja somo moja. Masomo mawili kwa siku yanaonekana ni bidii, lakini yanaharibu mpangilio wa marudio ambao ndio thamani ya kozi. Paul Pimsleur, mwanaisimu Mmarekani, alichapisha mwaka 1967 ratiba ya kumbukumbu ambayo kozi yenye jina lake imejengwa juu yake: neno jipya liulizwe baada ya sekunde 5, kisha 25, kisha dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, miaka 2. Wazo ni kukuuliza pale ambapo unakaribia kusahau. Ukibana masomo matatu katika Jumamosi moja, umelipia mashine na kuing'oa injini.

Vaa hedifoni na kaa mahali unapoweza kusema kwa sauti. Kunong'ona hakutoshi, na kusikiliza tu wakati unaendesha gari au unaosha vyombo ni burudani, ingawa kunafaa kwa marudio. Kanuni ya msingi: jibu lazima litoke mdomoni mwako kabla ya sauti ya kwenye kozi. Kimya kikiwa kifupi, simamisha. Ukikosea, rudia baada ya sauti kisha endelea, usirudishe nyuma kila mara. Ukifikia kiasi cha majibu manne sahihi kati ya matano, nenda somo linalofuata. Anayesubiri ukamilifu hukwama somo la nne.

Sasa tuchukue neno moja na tulifanyie kazi kwa karibu: *nemidunam*, sijui. Kitabuni ni *nemidânam*. Kozi nzuri itakupa kutoka mwisho kwenda mwanzo: *-am*. *Dunam*. *Midunam*. *Nemidunam*. Kurudi nyuma hivi kunalinda kiimbo cha mwisho wa neno kisipotee. Angalia vipande vyake: *ne-* ya kukanusha, *mi-* ya wakati uliopo, *-dun-* mzizi wa kujua, *-am* ya mimi. Ni mpangilio unaoujua: kitenzi kimoja kimebeba sentensi nzima, isipokuwa nafsi imehama kutoka mbele hadi mkiani. Badilisha mkia: *nemiduni* (hujui), *nemidune* (hajui), *nemidunim* (hatujui), *nemidunin* (hamjui), *nemidunan* (hawajui). Hakuna haja ya kutaja *man* (mimi) au *to* (wewe), kama vile husemi "mimi sijui" ila ukitaka kusisitiza.

Na mkazo? Ulimi wako utataka kusema *ne-mi-DU-nam*. Sahihi ni *NE-midunam*, ukishuka kama unateremka ngazi. Sema mara nyingi ukipiga meza kwenye silabi ya kwanza. Neno hili moja likikaa vizuri, vitenzi vyote vya kukanusha vimekaa.

Somo likiisha, zima kila kitu. Kwa dakika tano sema kila sentensi unayoikumbuka, kwa mpangilio wowote. Usiku, kabla ya kulala, jaribu tena bila rekodi. Zile ulizopoteza ziandike pembeni kwa Kiswahili, usiandike Kifarsi chake. Hizo ndizo malighafi ya hatua inayofuata.

Hatua ya nne: iweke kozi katika Kiswahili

Hapa ndipo penye faida kubwa, na hakuna kozi itakayokufanyia.

Tengeneza rekodi zako. Fungua Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, au kinasa sauti cha simu. Sema sentensi kwa Kiswahili, acha kimya cha sekunde nne au tano, kisha weka sauti ya Mwirani uliyoikata kutoka kwenye somo, kimya tena, halafu sauti hiyohiyo mara ya pili. Sentensi kumi na tano kwa faili moja zinatosha. Zicheze kesho, baada ya siku tano, na baada ya siku ishirini na tano. Usiweke Kifarsi kwa sauti yako mwenyewe, utajifundisha makosa yako. Na rekodi hizi zibaki kwako, kwa kuwa sauti ya kozi ina mwenyewe.

Unapotunga sentensi za Kiswahili, tunga zile zinazofuata njia ya Kifarsi. Njia hizo ni nyingi kuliko unavyodhani.

Viunganishi vya umilikaji ndivyo vitakavyokufurahisha mapema. Kiswahili kina wa, ya, cha, la, za na wenzao. Kifarsi kina *-e* moja tu, au *-ye* baada ya irabu, na mpangilio ni uleule: *ketâb-e man*, kitabu cha mimi, *dar-e khune*, mlango wa nyumba. Sifa nayo hufuata jina kwa *-e* hiyohiyo: *khune-ye bozorg*, nyumba kubwa. Mzungumzaji wa Kiingereza anapambana wiki nzima kugeuza maneno, wewe huna cha kugeuza. Hakuna ngeli, na *u* ni yeye, mwanamume au mwanamke, bila kuuliza.

Kisha kuna mikia ya jamaa. Tunasema babangu, mamako, nduguye. Kifarsi kinasema *pedaram*, *mâdaret*, *barâdaresh*. Hata mkazo unakusaidia hapa: mkia haubonyezwi, kwa hiyo *mâ-DA-ram* inaangukia palepale ulimi wetu unapopenda.

"Nataka niende", "lazima niende", "naweza niende?" Kiingereza hakina sentensi za aina hii. Kifarsi kinazo: *mikhâm beram*, *bâyad beram*, *mitunam beram?* Kitenzi cha pili kinabeba nafsi yake na kinachukua *be-*, kama chetu kinavyochukua -e mwishoni. Ndiyo maana "nataka uende" haina ugumu wowote: *mikhâm beri*. Mwelekezaji wa kozi akikuuliza kwa Kiingereza, igeuze kichwani iwe "nataka niende" na usiruhusu "nataka kwenda". Jibu la Kifarsi litajipanga lenyewe.

Lakini zawadi kubwa kuliko zote ni kitenzi *zadan*, kupiga. Sisi tunapiga kila kitu: simu, kelele, mluzi, gitaa, mswaki. Nao pia. *Zang zadan* ni kupiga simu. *Dâd zadan* ni kupiga kelele. *Sut zadan* ni kupiga mluzi. *Dast zadan* ni kupiga makofi, *gitâr zadan* ni kupiga gitaa, na *mesvâk zadan*, amini usiamini, ni kupiga mswaki. Kozi itavileta kimoja kimoja, katika masomo mbalimbali, kana kwamba havihusiani, kwa sababu Kiingereza kina kitenzi tofauti kwa kila tendo. Wewe viweke kwenye faili moja. *Zang mizanam*, napiga simu. *Sut mizane*, anapiga mluzi. Mwisho ongeza *harf zadan*, kuongea, ambayo kwetu ingekuwa karibu na kupiga soga.

Pamoja na *zadan*, jifunze *kardan*, kufanya, maana vitenzi vingi vya Kifarsi ni jina likifuatwa na *kardan*, na majina hayo mara nyingi ni ya Kiarabu ambayo tunayo pia: *fekr kardan* (kufikiri), *safar kardan* (kusafiri), *sabr kardan* (kusubiri), *hesâb kardan* (kuhesabu). Kwa mizizi miwili tu, *zan* na *kon*, una makumi ya vitenzi: *fekr mikonam*, nadhani, *sabr konin*, subirini.

Kuna mahali pagumu pia. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi: *man emruz ketâb mikharam*, mimi leo kitabu nanunua. Na kitu kikiwa maalumu, kinachojulikana, hufuatwa na *ro* au *o*: *in ketâb-o mikhâm*, nakitaka kitabu hiki. Ile *ki* tunayoingiza ndani ya "nakitaka" inafanya kazi ya karibu na hiyo *o*, ingawa mipaka yake si sawasawa. Usisome kanuni zake sasa. Sikia sentensi nyingi tu.

Saa, siku na bei

Sehemu hii ni fupi lakini irekodi faili yake peke yake, kwa kuwa Kiswahili hapa kinakupoteza badala ya kukusaidia.

Saa za Kifarsi huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. *Sâ'at-e haft-e sobh* ni saa moja asubuhi, na *sâ'at-e se* mchana ni saa tisa. Siku nazo zimepishana kwa moja: *shanbe* ni Jumamosi, ikifuatiwa na *yekshanbe*, yenye moja ndani yake, ambayo ni Jumapili. *Seshanbe* ina tatu na ni Jumanne. Alhamisi peke yake inapatana, *panjshanbe*, kwa kuwa jina letu lina tano ya Kiarabu ndani yake. Ijumaa ni *jom'e*. Usitafsiri namba, jifunze kila siku kama jina la mtu.

Bei hutajwa kwa *toman*, na toman moja ni riali kumi, kwa hiyo namba iliyoandikwa na namba iliyosemwa huenda zisilingane. Zoeza sikio kwa *hezâr* (elfu): *panjâh hezâr toman*, toman elfu hamsini.

Hatua ya tano: adabu, ambayo kozi huigusa kwa mbali

Wewe yetu inamfaa mtoto na mzee, heshima tunaiweka kwingine. Kifarsi kina *to* kwa mtu wa karibu na *shomâ* kwa kila mtu mwingine, na kosa la kawaida la sisi wa Kiswahili ni kumwambia *to* mtu usiyemjua kwa sababu kichwani ni wewe. Kaa na *shomâ* mpaka mwenyewe akulegezee. Kwa jina, ongeza *khânum* kwa mwanamke na *âghâ* kwa mwanamume: *Maryam khânum*, *Ali âghâ*.

Kisha zipo salamu ambazo Kiingereza hakina la kufanya nazo. Ukimkuta mtu kazini, dukani, au ukishuka teksi, unasema *khaste nabâshid*, usichoke. Ni "pole na kazi" yetu hasa, na hujibiwa *salâmat bâshid*. Aliyekupa kitu au aliyekupikia anaambiwa *dastetun dard nakone*, mkono wako usiume. *Befarmâyid* ni karibu ya kila namna: pita, kaa, chukua, sema.

Mazungumzo haya mafupi yajifunze kwa moyo, sehemu zote mbili:

*Salâm, khaste nabâshid.*
Salamu, pole na kazi.

*Salâm, befarmâyid.*
Salamu, karibu.

*Âb dârin?*
Mna maji?

*Bale, dârim. Chand tâ mikhâyn?*
Ndiyo, tunayo. Unataka mangapi?

*Do tâ, lotfan. Chand mishe?*
Mawili, tafadhali. Inakuwa bei gani?

*Ghâbel nadâre.*
Si kitu, chukua tu.

*Khâhesh mikonam. Chand mishe?*
Tafadhali sana. Inakuwa bei gani?

Mstari wa sita ndio wa kuangalia. Muuzaji hakupi bure. Hiyo ni *ta'ârof*, adabu ya kujishusha na kukataa inayoongoza mazungumzo ya Wairani, nawe unapaswa kurudia swali lako. Kozi zinazofundisha *ghâbel nadâre* bila kueleza hivyo zinakutafutia aibu.

Hatua ya sita: herufi, na kwa nini uzicheleweshe kidogo

Watu hubishana: uanze na maandishi au na sauti? Msimamo wangu ni kwamba somo la kumi hivi ndilo wakati mzuri wa kuanza herufi, dakika kumi kwa siku, baada ya somo la sauti. Sababu ni hii. Kifarsi hakiandiki irabu fupi. Herufi tatu کرم zinaweza kuwa *kerm*, mnyoo, au *kerem*, krimu, au *karam*, ukarimu. Aliyeanza na karatasi anakisia, aliyeanza na sikio tayari ana neno lenye irabu zake na anachofanya ni kulitambua.

Herufi ni 32: zile 28 za Kiarabu na nne za ziada za p, ch, zh na g. Aliyejifunza kusoma Kurani ana nusu ya kazi mkononi, lakini aache matamshi ya Kiarabu nje. Kifarsi kina herufi nne zinazotamkwa z zote na tatu zinazotamkwa s zote. Mwezi wa kufunga ni *ramezân*, na w ya Kiarabu huwa v, kama *vaght*.

Hapo sasa toa yale maandishi ya masomo uliyoficha na usome masomo ya zamani huku ukisikiliza.

Hatua ya saba: nje ya kozi

Usikimbilie habari za redio. Mtangazaji husoma Kifarsi cha maandishi, kile cha *ast* (ni) na *miravad* (anakwenda), nawe umejifunza za mtaani: *-e* badala ya *ast*, na *mire* badala ya *miravad*. Utadhani hujajifunza chochote. Anza na katuni za watoto, video za mapishi, na mtu anayeeleza jambo moja kwa kamera. Punguza kasi kidogo kwenye VLC au programu yoyote ya podikasti, lakini usishuke chini ya robo tatu ya kasi ya kawaida, sauti zitavurugika.

Ukifika nusu ya kozi, tafuta mtu. Kwenye italki kuna walimu wa kulipwa, kwenye Tandem kuna watu wa kubadilishana lugha. Mweleze mapema kwamba unataka *mohâvere*, Kifarsi cha mazungumzo, la sivyo mwalimu mwenye heshima atakufundisha cha kitabuni. Mazungumzo ya kwanza yawe ya dakika kumi na tano, yenye mada mbili ulizozirekodi kabla, labda familia na kazi yako. Kabla ya kupiga, hakikisha sentensi hizi zinatoka bila kufikiri:

*Yavâsh-tar, lotfan.* Polepole zaidi, tafadhali.
*Dobâre begin.* Sema tena.
*... ya'ni chi?* ... maana yake nini?
*... be Fârsi chi mishe?* ... kwa Kifarsi inakuwaje?
*Lotfan Engelisi harf nazanin.* Tafadhali usiongee Kiingereza.

Omba ruhusa ya kurekodi. Kesho yake sikiliza, kata sentensi tano ambazo yeye alisema na wewe ulitamani ungesema, uziweke kwenye faili lako jipya baada ya Kiswahili chake, kisha endelea na somo la siku hiyo.